Amana ya Kivuli: Mawaidha ya Kuwahifadhi Watoto na Jua la Mchana

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba jua likawa taa, akaumba na kivuli kikawa rehema. Na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Imepokewa katika vitabu vya sira habari ya Bibi Halima wa Bani Saad, mlezi wa Mtume (s.a.w.) alipokuwa mdogo. Siku moja, mchana wa jua kali, alimkosa mtoto, akatoka kumtafuta. Saa hiyo hata wana-kondoo walikuwa wamekwisha jilaza kwa ukali wa joto. Akamkuta nje, yuko pamoja na dada yake wa kunyonya, akamwuliza yule binti imekuwaje kumtoa mtoto katika joto kama lile. Binti akajibu ya kuwa nduguye hakuona joto, kwani aliona wingu likimfunika: akisimama, nalo lasimama, akienda, nalo laenda.

Watu husimulia habari hii kwa ajili ya wingu, na ni haki yao, kwa kuwa ni katika alama za utukufu wake. Walakini ndani yake mna jambo la pili, nalo hupitwa upesi. Bibi Halima alipotoka hakuwa na habari ya wingu. Alilolijua ni kwamba jua ni kali na mtoto haonekani, na hilo lilimtosha kuacha kivuli chake na kwenda kumtafuta. Mtoto aliyekuwa katika hifadhi ya wingu alitafutwa na mlezi wake. Je, mtoto asiye na wingu? Wingu lake ni baba yake na mama yake. Wao wakilala, mtoto yumo juani peke yake.

HABARI YA BUGENE

Watu wa pwani wana desturi ya kusema kwamba joto ni la pwani na bara ni baridi. Mtu wa Mombasa au Tanga au Unguja, akienda kukaa Bugene, karibu na mji wa Kayanga ulio makao makuu ya wilaya ya Karagwe, huiona kauli hiyo kuwa kweli tangu usiku wa kwanza, kwa kuwa hujifunika blanketi. Njia hiyo si ngeni kwa watu wa pwani. Mwaka 1861 Mwingereza Speke alipofika kwa Mfalme Rumanika wa Karagwe, aliwakuta wafanya biashara wa pwani wamekwisha mtangulia, na kituo chao kiko Kafuro. Tangu siku hizo hata leo wako wanaokwenda na kukaa huko, wakalea watoto wao kati ya migomba na mibuni.

Basi mtu huyo, aliyezoea kumwita mwanawe ndani wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari, wakati Dar es Salaam hufika digrii 32 na kuzidi na ukuta wa nyumba ukawa moto, akifika Bugene huacha kumwita. Huona upepo ni mwanana, na joto la mchana mara nyingi halifiki digrii 30, akasema: hapa mtoto na acheze atakavyo. Hapo ndipo anapokosea, na kosa lake lina sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni ya nchi yenyewe. Bugene iko katika nchi ya vilima, juu sana kuliko pwani, nayo iko karibu na mstari wa Ikweta. Kila mtu apandapo mita 1,000, ile miali ya jua ichomayo ngozi na macho huzidi ukali kwa kadiri ya sehemu 10 katika 100. Upepo wa baridi hauizuii miali hiyo. Mtoto huungua naye asijue kuwa anaungua.

Sababu ya pili ni ya jasho. Pwani hewa ni ya majimaji, jasho halikauki, na mtoto akirudi nyumbani kanzu yake imemganda mgongoni, mama huona. Bugene katika miezi ya kiangazi, yaani Juni, Julai na Agosti, hewa ni kavu na jasho hukauka mara litokapo. Mtoto hupoteza maji mengi na nguo yake ikawa kavu, na mwenye kumtazama hudhani hakutoka jasho.

Sababu ya tatu ni ya mazoea. Mwezi wa Juni skuli hufungwa kwa likizo, na watoto huwa nje mchana kutwa: huyu yuko katika mpira uliofungwa kwa majani makavu ya migomba, huyu anafuata mbuzi, huyu amepewa dumu la maji kulipandisha kilimani. Mchezo na kazi huchanganyika, wala hakuna ahesabuye saa.

KALAMU ILIYOINULIWA

Katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni mtoto mpaka abaleghe. Haandikiwi dhambi, kwa kuwa akili yake haijatimia kuyapima mambo. Kila Mwislamu anayajua hayo. Lakini na ajue pia kwamba mzigo ulioondolewa juu ya mtoto haukutupwa chini. Umewekwa juu ya mabega ya mlezi wake. Mtume (s.a.w.) amemfanya kila mtu kuwa mchunga, akabainisha kwamba mwanamume ni mchunga wa watu wa nyumbani mwake, naye ataulizwa juu yao. Na mchunga mwema ajua saa ya kuwapeleka mifugo kivulini. Hawangoji waanguke ndipo ajue kuwa ni mchana.

Na katika jambo la joto hekima ya hukumu hii ni dhahiri mno. Mtu mzima akichoka huketi. Mtoto aliye katika mchezo hasikii kiu wala uchovu mpaka umemshinda, kwa kuwa furaha yake imemziba masikio. Tena mwili wake si sawa na wa mkubwa. Kwa kadiri ya uzito wake, ngozi yake ni pana zaidi, hivyo hewa ikiwa moto hupokea joto upesi. Akikimbia, mwili wake huzaa joto jingi kuliko wa mkubwa kwa kadiri ya kimo chake, na jasho lake la kumpoza ni chache. Baba na mwana wakisimama mahali pamoja, mwana hupatwa kwanza, naye ndiye wa mwisho kusema.

Wala asije mtu akasema: basi dawa ni kumfungia mtoto ndani. Huo ni upungufu wa pili. Mtume (s.a.w.) mwenyewe, alipokuwa mtoto, alikuwa akicheza na wenziwe siku aliyojiwa na Jibrili. Alipokuwa mkubwa alimtania Abu Umeir kwa ajili ya kidege chake, akarefusha sijida kwa kuwa mjukuu wake amempanda mgongoni, hakupenda kumharakisha. Mchezo ni haki ya mtoto na ni afya ya mwili wake. Yatakiwa mchezo uwe na wakati, na uwe na kivuli, na uwe na maji.

MAKOSA MANNE

Kosa la kwanza ni kumwadhibu mtoto kwa jua. Wako walimu wa vyuoni na wa skuli, na wako baba majumbani, ambao mtoto akikosa kuhifadhi somo lake humpigisha magoti uwanjani saa sita ya mchana. Na wajue habari ya Hisham bin Hakim, sahaba wa Mtume. Alipita katika nchi ya Sham akaona watu wamesimamishwa juani kwa sababu ya kodi. Akawakabili wenye amri, akawahadithia aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.): ya kuwa Mwenyezi Mungu atawaadhibu wale wanaowatesa watu duniani. Hao walikuwa watu wazima, na walikuwa na deni la kodi. Mtoto wa miaka 8 ana deni gani, isipokuwa aya mbili zilizompotea? Na katika Makka, waliomlaza Bilali juu ya mchanga wa moto walikuwa maadui wa dini. Haimpasi mwalimu wa Kurani kuiga kazi yao.

Kosa la pili ni katika mwezi wa Ramadhani. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya watu wa pwani, mtoto huamrishwa kufunga afikapo miaka 7 iwapo anaweza. Sharti hilo la kuweza husahauliwa. Baba hujifahirisha barazani kwamba mwanawe amefunga siku zote, na mtoto, kwa kuogopa aibu, hukimbia juani na wenziwe bila tone la maji, midomo imekauka. Masahaba nao waliwafungisha watoto wao siku ya Ashura. Lakini waliwafanyia vitu vya kuchezea kwa sufi, mtoto akilia kwa njaa humpa kile kichezeo mpaka wakati wa kufuturu. Maana yake waliwaweka karibu nao, katika mchezo wa kukaa, wakawatazama. Basi mtoto aliyefunga na asicheze mpira juani. Na akionekana kulegea, maji ni haki yake saa hiyo hiyo, wala hakuna aibu kwa asiyeandikiwa faradhi.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba kulikabili jua ni ushujaa au ibada. Mtume (s.a.w.) alimwona mtu aitwaye Abu Israili amesimama juani. Akauliza, akaambiwa ameweka nadhiri ya kufunga, na kutoketi, na kutotafuta kivuli, na kutosema na mtu. Akaamrisha aseme, na aketi, na aingie kivulini, na atimize saumu yake. Saumu ilibakishwa kwa kuwa ni ibada. Jua liliondolewa kwa kuwa halina thawabu. Nabii Musa naye, alipokwisha kuwanywesheza wale mabinti mifugo yao Madiani, aliondoka akaenda kivulini, kama ilivyotajwa katika Sura ya Al-Qasas. Naye alikuwa mtu wa nguvu.

Kosa la nne ni kumsahau mtoto mwenye ualbino. Ngozi yake haina ile rangi ambayo Mwenyezi Mungu ameifanya kuwa ngao kwa wengine, na jua la kila siku humletea vidonda na saratani ya ngozi angali kijana, tena humdhuru macho. Katika nchi ya juu kama Karagwe hatari yake ni kubwa zaidi. Mzazi wake na amvishe kofia pana na nguo za mikono mirefu, na amwombee mwalimu amketishe mbali na dirisha lenye jua. Mwenye kumcheka kwa kofia yake anamcheka mtu kwa ngao yake.

SAA ZA KUCHEZA

Sheria imemrahisishia mzazi jambo hili kuliko anavyodhani, kwa kuwa saa za sala zenyewe ni mizani. Mtume (s.a.w.) ameamrisha joto likiwa kali sala ya Adhuhuri icheleweshwe mpaka kupoe, akaeleza kuwa ukali wa joto ni katika pumzi ya Jahanamu. Ikiwa sala, iliyo nguzo ya dini, huakhirishwa kwa ajili ya joto, mpira wa watoto una udhuru gani wa kutoakhirishwa?

Basi siku na igawanywe hivi. Baada ya Alfajiri mpaka jua kupanda, kadiri ya saa nne, ni wakati wa kukimbia na kuchunga na kuteka maji. Tangu hapo mpaka Alasiri ni wakati wa kivuli: somo, kazi za mikono, hadithi za bibi, na usingizi wa kailula. Baada ya Alasiri mchezo hurejea. Na jua likichwa watoto huitwa nyumbani, kama Mtume (s.a.w.) alivyoamrisha.

Wala mtu asitegemee saa ya ukutani peke yake. Bugene iko mbali sana magharibi ya Mombasa, nazo zatumia saa moja; kwa hiyo jua la Bugene hufika utosini nyuma ya jua la Mombasa kwa zaidi ya nusu saa. Aliyezoea kuwaachia watoto kwa saa ya pwani huwatoa jua lingali kali. Mizani iliyo sawa kila mahali ni kivuli. Mtoto na asimame wima atazame kivuli chake: kikiwa kifupi kuliko kimo chake, na aingie kivulini, kikiwa kirefu kuliko kimo chake, ukali umepungua. Mwenye kusoma fikihi ataona kwamba mizani hii ni jirani ya wakati wa Alasiri, ambao huingia kivuli cha kitu kikiwa sawa na kitu chenyewe, kuzidi kile kivuli cha wakati jua lilipokuwa katikati. Mtoto wa miaka 6 aweza kufundishwa, na kwa kufundishwa hivyo hujifunza na wakati wa sala.

Nguo na ziwe pana na nyepesi, na kichwa kifunikwe. Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura ya An-Nahl vivuli na nguo zikingazo joto kuwa ni neema zake. Na maji yawe karibu na uwanja. Mtoto na anywe kabla ya mchezo, na kila kadiri ya robo saa katika mchezo, bila kungoja kiu. Sadaka ya maji ni katika sadaka zilizo bora. Mtu akiweka mtungi safi wenye kifuniko na kata yake chini ya mti kandokando ya uwanja, watoto wa mtaa mzima wakanywa, huenda hiyo ikamfaa siku ambayo hapana kivuli ila kivuli chake Mola. Wala asiachwe mtoto hata kidogo ndani ya motokaa iliyofungwa. Joto lake hupanda kwa dakika chache, hata siku ya baridi.

DALILI NA UOKOZI

Dalili za kwanza ni kichwa kumwuma mtoto, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli ya miguu kukakamaa, na mkojo kuwa mchache wenye rangi nzito. Huyo na atolewe juani mara moja, alazwe penye hewa, afunguliwe nguo, apanguswe kwa maji, anyweshwe kidogo kidogo. Akiwa ametoka jasho jingi au ametapika, na atengenezewe maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6, na chumvi nusu ya kijiko cha chai.

Dalili za pili ni za hatari: mwili kuwa moto sana, digrii 40 na kuzidi, mtoto akapayuka, akayumba kama mlevi, akashikwa na degedege, au akazimia. Hapo ndipo wengi hupoteza mtoto kwa kupoteza saa. Husema amekumbwa na shetani, wakaenda kutafuta kombe na talasimu, na mwili wazidi kuwaka. Dua haikukatazwa, na asome mwenye kusoma. Lakini mikono na imwagie mtoto maji mwili mzima, na kumpepea, na kumwekea vitambaa vya maji baridi shingoni, makwapani na mapajani, huku apelekwa hospitali bila kungoja. Kwa watu wa Bugene iko hospitali ya Nyakahanga. Aliyezimia asitiwe maji kinywani, asije akapaliwa. Huenda ikawa ni malaria au jambo jingine. Mganga ndiye apimaye, na kazi ya mzazi ni kumfikisha angali hai.

NENO LA KADARI

Labda atatokea mtu aseme: ajali ni ya Mungu, mtoto aliyeandikiwa kufa atakufa hata kivulini. Ni kweli ajali ni ya Mungu. Lakini Sayyidna Umar alipoelekea Sham akasikia tauni imeingia, alirudi na watu wake. Alipoulizwa kama anakimbia kadari ya Mungu, alijibu kwa maana ya kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kuingia katika kadari ya Mungu. Jua ni kadari, na kivuli ni kadari, na miguu ya kumtoa mtoto huku ukampeleka huku nayo ni kadari. Mtu ataulizwa juu ya miguu yake.

Na walio wakubwa wamekwisha kuonyeshwa. Katika Hija ya mwaka 2024 joto la Makka lilizidi digrii 50, na serikali ya Saudia ikatangaza kuwa mahujaji 1,301 walifariki, wengi wao ni waliokwenda bila kibali, wakatembea mwendo mrefu juani pasipo kivuli wala mahali pa kupumzika. Mwenyezi Mungu awarehemu. Na Omani, ambako watu wengi wa pwani wana jamaa zao, serikali imekataza kazi za juani tangu saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu, kila mwaka miezi ya Juni hata Agosti. Mpiga matofali mwenye misuli hupewa kivuli kwa sheria. Mtoto hana serikali nyumbani ila baba yake.

Basi na atoke kila mzazi, kama alivyotoka Bibi Halima. Saa ya mchana, watu wakiwa barazani na kahawa mkononi, na ainuke mmoja aulize: watoto wako wapi? Akiwakuta kivulini, amshukuru Mungu. Akiwakuta juani, awaite kwa upole, awape maji, awaahidi mchezo baada ya Alasiri, na aitimize ahadi yake.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wa Kiislamu, wa pwani na wa bara, na watoto wa watu wote. Awape wazazi wao macho ya kuona na miguu ya kuinuka. Na awatie wote katika kivuli chake siku ambayo hapana kivuli ila chake. Amin.